Nusu ya Mkate wa Samweli

Tabita mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Nimechelewa siku nne tangu Jumapili, na kabla ya hizo siku nne nilikuwa nimeshachelewa miaka minne. Salamu siweki hapa, maana uko nje tu, uani kwa Mama Rosa, unasukwa, na ninakusikia ukilalamika kwamba anavuta nywele sana. Ningeweza kukuita. Nimejaribu kukuita tangu Jumatatu. Ukija, mdomo wangu unakutuma maji, au unakuuliza kama kalamu zimetosha, nawe unajibu, unaondoka, na mimi nabaki na neno langu. Kwa hiyo ninaandika. Barua nitaiweka chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya sweta mbili, uikute huko Nakuru utakapofungua. Kesho asubuhi mbele ya basi nitakuwa mama wa kawaida, wa kukufunga kanga begani na kukuhesabia mizigo. Usinishangae. Nitakuwa nimeshasema yote hapa.

Mambo ya soksi na sabuni na kufua kola sitayaandika. Mama mdogo wako atayaimba mpaka uchoke, na hata bila yeye unayajua. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa mtu wa kukumbuka. Hilo ndilo linalonitisha.

Nianze na Jumapili. Askofu alikuja kanisani kwetu Malakia kwa kipaimara. Ulivaa lile gauni jeupe nililolikata kutoka kwenye shuka la hoteli lililoungua pasi, na hakuna aliyejua ni shuka. Maswali yote uliyajibu. Mwalimu Yonasani aliyewafundisha darasa la kipaimara, ambaye macho yake yamebaki kuona vivuli tu, alikuwa akitikisa kichwa kila ukijibu, kama mtu anayesikia wimbo anaoupenda. Kisha mstari ukasogea mbele kwenda kuwekewa mikono, na baada ya hapo kula kwa mara ya kwanza Mezani pa Bwana. Ulikuwa wa nne. Ukatoka pembeni taratibu, kama mtu aliyeitwa nje, ukaenda kukaa karibu na tenki la maji.

Nilikuja nikakushika mkono kwa nguvu. Nilikuambia umeniaibisha mbele ya akina mama wote, kwamba nimelipia mshumaa wako na kukesha nikishona. Uliniacha niseme. Tulitembea mpaka tukakaribia soko la Jebel, vumbi likitupiga, na ndipo ukasema bila kunitazama:

"Mama, mimi nilishakula mkate wa Samweli."

Nikaenda hatua kama ishirini nikijifanya sikusikia. Halafu nikakuambia tununue nyanya. Hiyo ndiyo aibu ya Jumapili, mwanangu, hizo nyanya. Kutoka kwako mstarini hakukuwa aibu.

Siku ile ya Samweli nataka kuisimulia yote, toka mwanzo, kwa sababu uliiona ukiwa na miaka tisa na mtu aliyekueleza maana yake alikuwa mimi, na nilikueleza uongo.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Juba. Amani ilikuwa imetiwa sahihi na kila mtu anarudi na godoro kichwani. Sisi tulitoka kambini Kakuma, mimi na miaka ishirini na sita, wewe tisa, Samweli mgongoni hajafikisha mwaka na nusu. Baba yenu alikuwa ametangulia kututafutia kiwanja. Kiwanja hatukukiona, na yeye pia hatukumwona sana. Tukapata hiki chumba cha mabati chini ya mlima, na Mama Rosa akawa jirani, na kanisani nikapewa kazi ya vitambaa vya Meza kwa sababu nilisema kambini nilikuwa nafua. Sikuwa na kitu kingine cha kusema kuhusu mimi. Nilijivunia kazi ile kuliko ninavyojivunia hii ya shuka za hoteli, ingawa hii inalipa.

Unakumbuka Meza ya wakati ule. Mkate ulikuwa ule wa tanuri wa Malakia, wa duara, tunaununua asubuhi ukiwa moto. Divai haikuwepo. Tulichemsha karkade, yale maua mekundu, bila sukari, mpaka ikawa nyeusi. Watu wengine waliotoka Khartoum na Kampala walinong'ona kwamba hiyo si Meza, ni chai ya kanisa. Mwalimu Yonasani akawaambia miaka yote ya vita walikunywa hiyo hiyo wakiwa na ndege za mabomu juu ya kichwa, na Mungu hakuwahi kusema ngojeni duka lifunguliwe.

Wakati ule Meza ilikuwa mara moja kwa mwezi, si kila Jumapili kama sasa. Mabaki ya mkate uliobarikiwa yalikuwa yanaliwa pale pale nyuma, na kasisi na sisi wahudumu, kwa heshima, tumesimama, halafu makombo tunayakung'uta mahali pasafi. Hakuna kutoka nayo. Nilijua. Nilifundishwa siku ya kwanza.

Sasa, Mama Rosa si Mwanglikana kama sisi, ni Mkatoliki wa Kator, unamjua. Miezi michache kabla, mama yake alikuwa hoi, na abuna, padri wao, alimletea mkate wa kanisa lao ndani ya kikopo kidogo cha chuma. Nilikuwepo mlangoni. Yule bibi alikula kile kipande kidogo kuliko ukucha, na siku ya pili akakaa, akaomba bamia. Mama Rosa mwenyewe hakuniambia kwamba ni mkate ulioponya. Alisema mama yake alikuwa ameanza kunywa dawa za hospitali wiki ile. Mimi sikusikia habari ya dawa. Niliona mkate, nikaona bamia.

Na kuna lile neno la kasisi anapokupa mkate kiganjani. Kwanza anaomba mwili wa Bwana uuhifadhi mwili wako na roho yako. Mwili wako. Nilikuwa nikilisikia kila mwezi na nilikuwa nimelishika hapo tu, penye mwili. Yanayofuata nilikuwa siyasikii, nimeshaanza kutafuna.

Samweli alianza kuhara Ijumaa jioni. Jumamosi Mama Rosa akanambia nimbebe nimpeleke hospitali, akasema atakuangalia wewe. Nikamwambia kesho ni siku ya Meza. Alinitazama, akasema tena, hospitali. Nikamjibu vibaya, nikamwambia kwani Mungu wa Kator peke yake ndiye anayetembelea wagonjwa. Akaondoka.

Jumapili nikamwacha mtoto kwake, nikaenda na wewe. Baada ya ibada, tukiwa nyuma, kasisi alipogeuka kuvua joho nilichukua kipande cha mkate kikubwa kama kiganja changu, nikakifunga kwenye kile kitambaa kidogo cha kufunikia kikombe. Niliiba, Tabita. Neno lake ni hilo. Na kwa sababu bado nilikuwa na vyombo vya kuosha, na niliogopa wakiniona natoka mapema, nikakupa wewe. Nikakuambia ukimbie nyumbani na usifungue.

Sikiliza hapa vizuri. Tangu Jumamosi mchana ulikuwa umekunywa chai tu. Nilijua. Nilikuwa nimekuona asubuhi ukifunga mkanda wa gauni mara mbili. Nilimpa mtoto mwenye njaa mkate, nikamtuma atembee nao kutoka Malakia mpaka Jebel kwenye jua la saa saba, nikamwambia asile. Nimefikiria jambo hili miaka minne na sijapata mtu mzima ambaye angeweza.

Nilipofika, kitambaa kilikuwa na nusu. Ulikuwa umekikunja vizuri kuliko nilivyokikunja mimi. Niliiloweka ile nusu katika maji, nikampa Samweli kwa kidole, akatapika, nikampa tena. Nikakaa nikingoja. Nilingoja usiku wote kwa furaha, ndiyo ubaya wake. Nilikuwa na hakika.

Alfajiri nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, na wewe ukanifuata, hata sikukumbuka kukuambia ubaki. Muuguzi alimshusha kutoka mgongoni mwangu, akamgusa shingoni, akagusa na tumbo, ngozi ikabaki imekunjika pale alipoishika. Alikuwa msichana kama mimi, sauti yake haikuwa ya ukali. "Mngekuja jana, mama," akasema. "Hata maji ya chumvi na sukari tu."

Chumvi ilikuwa nyumbani kwenye kopo. Sukari Mama Rosa alikuwa nayo.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, bado umeshika kile kitambaa, sijui kwa nini ulikuja nacho. Nikageuka. Ningeweza kumwangalia muuguzi, au ukuta, au mikono yangu. Nilikuangalia wewe, nikasema, "Wewe ulikula uzima wa ndugu yako."

Watu wakaanza kufika. Malesh, malesh, kila mmoja, lile neno la pole la hapa ambalo linasemwa mtu akikukanyaga na linasemwa pia mtoto akifa. Walikusemea malesh na wewe, ukiwa umesimama pale. Hakuna aliyejua nilikuwa nimekutwika nini.

Nilidhani umesahau. Uliendelea kucheza na kwenda shule, ukacheka, ukaota meno. Mimi ndiye niliyekaa benchi. Umeniona miaka yote hii nikifua vitambaa, nikitandika Meza, nikipanga kikombe, halafu wengine wakisimama kwenda kula mimi nabaki nimekaa. Uliponiuliza ukiwa na miaka kumi nilikuambia tumbo linaniuma. Mwaka uliofuata nikakuambia usiulize maswali ya watu wazima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshasema moyoni, kalas, basi imekwisha, ni mkate. Ni unga na maji, unabaki mkate ukiomba usiomba, na watu wanaoupigia magoti hawana watoto wagonjwa. Nilitandika kitu nisichokiamini kwa miaka minne, na hakuna aliyetandika vizuri kama mimi.

Jana Jumatano, baada ya zamu ya hotelini, nilimwendea Mwalimu Yonasani. Nilimkuta kwenye kibanda chake nyuma ya kanisa akisuka kitanda cha kamba. Hasomi tena, lakini vidole vyake vinajua pa kupita. Alidhani nimekuja kukuombea msamaha kwa ajili ya Jumapili, akaanza kunituliza. Nikamwambia anyamaze kwanza, Mwalimu, nikamsimulia haya yote niliyokuandikia. Hakuacha kusuka. Nilipomaliza alivuta kamba, akaifunga, akasema:

"Mama Tabita, unadhani wewe ndiye wa kwanza kuharibu hapo? Waingereza walichomana moto kwa ajili ya kipande hicho hicho, na unga walikuwa nao tele."

Halafu akanieleza. Sijui kama darasani aliwaambia haya au aliona ninyi ni watoto. Nitayaandika nilivyoyaelewa.

Anasema zamani, Waingereza wote walipokuwa bado chini ya Roma, watu wengi walikuwa hawali. Walikuwa wanatazama. Padri anainua mkate juu, kengele inalia, watu wanautazama na wanarudi nyumbani, na wengine wanaufikiria kama dawa, kama hirizi ya ng'ombe na ya homa. Nikainamisha kichwa. Akasema usiiname, ninaendelea. Akatokea askofu mkubwa wa huko, akaandika sala kwa lugha ya watu wenyewe. Katika kitabu chake cha kwanza, kasisi akikupa mkate alisema lile neno la kwanza tu, la mwili wa Bwana kukuhifadhi. Na kitabu hicho kiliruhusu, siku ya Meza, mgonjwa apelekewe sehemu yake nyumbani siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo usiniambie Mwanglikana hajawahi kutoka kanisani na mkate," akasema.

Baada ya miaka michache tu yule askofu akaona watu bado wanautazama mkate kama mimi nilivyoutazama. Akaandika kitabu cha pili. Neno la kwanza akalitoa lote. Akaweka jingine, linalokuambia utwae ule ukikumbuka kwamba Kristo alikufa kwa ajili yako, na umle moyoni kwa imani na shukrani. Habari ya kupelekea wagonjwa mkate ule akaifuta. Watu wakagombana. Wengine wakasema sasa umetuachia kumbukumbu tupu, meza ya matanga. Malkia aliyekuja akayataka mambo ya zamani, na yule askofu akachomwa moto mbele ya watu, kwa hilo na kwa mengine. Malkia aliyefuata, dada yake, alikuwa na nchi ya watu wanaochukiana. Ndipo wakachukua yale maneno mawili, la kitabu cha kwanza na la kitabu cha pili, ambayo watu walikuwa wamefungwa na kufa kwa ajili yake, wakayaunganisha, moja nyuma ya jingine. Kila anayepiga magoti aambiwe yote mawili, apende asipende.

Na hivyo ndivyo tunavyoambiwa mpaka leo, hata Malakia. Mimi nimetandika Meza ile miaka yote na sikujua ni maneno mawili. Nilidhani ni moja refu.

Baadaye sana, anasema, wakaandika pia kwamba mabaki yaliyobarikiwa yasitoke kanisani, yaliwe pale pale kwa heshima. Na miaka mingi baada ya hapo wengine wetu wakarudia tena kuwapelekea wagonjwa, na wengine hawataki mpaka leo, na maaskofu wanaandikiana barua. Nikamuuliza basi ukweli ni upi. Akasema kanisa letu limekaa kwenye swali hilo miaka mia nne na zaidi, na wanaotaka jibu la mstari mmoja huwa wanahama. Yeye anachojua ni kwamba Bwana yupo, na kwamba hajawahi kukabidhiwa kwa mtu mfukoni.

Nikamwambia mimi nilishika neno la kwanza nikafanya dawa. Mtoto alipokufa nikashika la pili peke yake, kumbukumbu tupu, nikakaa nalo benchi. Akavuta kamba nyingine. Akasema wenye elimu ya vyuo vikuu wamefanya vivyo hivyo, ila wao waliandika vitabu na mimi nilizika mtoto.

Ndipo nikamuuliza habari yako. Nilimwambia ulikula bila kipaimara, umebeba mkate ulioibwa, na darasani yeye mwenyewe amewafundisha kwamba anayekula asivyostahili anakula hukumu. Aliacha kamba kwa mara ya kwanza.

"Njaa si kutostahili," akasema. "Sheria yetu inasema Mezani aje aliyepata kipaimara, au aliye tayari na anatamani. Siku ile, katika kanisa lote, nani alikuwa anatamani kuliko yule mtoto?"

Akasema pia, na hili nakuomba ulisome mara mbili, kwamba mkate ule haugawi uzima kwa kipimo, hata mtu aseme huyu amekula nusu ya yule. Nusu uliyokula haikutoka kwa Samweli. Hata ungefika mzima, hata ungekuwa mikate mitano, alichohitaji mtoto ni maji yenye chumvi na sukari na mgongo wa mama yake siku ya Jumamosi. Mgongo huo ulikuwepo. Ulikuwa umekwenda kutandika Meza.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ulikuwa umepika, umenifunikia. Nilikula nikikutazama na bado sikusema.

Mwanangu, sikuandikii ili uone kwamba nimepata amani. Sijaipata. Samweli angekuwa anaenda miaka sita sasa, angekuwa anakusumbua ubebe na yeye Nakuru. Nikianika shuka za hoteli pale karibu na mto, shuka arobaini kwa siku, kuna saa upepo unazijaza na mimi naona mtoto amejificha nyuma yake. Hilo halitaondoka kwa sababu ya kitabu cha Waingereza. Ninachokuambia ni kidogo zaidi. Ni kwamba ule mzigo una mwenyewe, na si wewe, na nimekuacha uubebe njia yote kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa wangu.

Kitu kimoja nimejifunza kwa gharama kubwa, nikuachie. Mtu akiwa na hofu, anashika nusu ya neno, ile nusu inayomfaa siku hiyo, na anaikaza mpaka inavunjika mkononi. Nilifanya hivyo kwa Mungu, na nilifanya kwako pia. Siku ile niliona kwamba umekula. Kwamba ulikuwa na njaa sikutaka kuliona. Huko uendako utafanya makosa yako mwenyewe, ya kwako kabisa, na sitaki kukutajia hata moja. Ila ukishika kitu kwa nguvu sana, simama uulize nusu nyingine iko wapi.

Kuhusu kipaimara: shule yenu ina kasisi wake na darasa lake. Ukitaka, utaingia. Usipotaka mwaka huu, usiingie, na asikulazimishe mtu, hata mimi nikija kuandika vingine nikiwa na hasira. Lakini usikae nje kwa sababu yangu. Kama unakaa nje kwa sababu huamini, hilo ni lako na nitaliheshimu. Kama unakaa nje kwa sababu ya maneno ya mama mmoja aliyesimama kwenye mlango wa hospitali, basi nakukataza. Hapo sikuombi.

Mimi Jumapili hii nitasimama kutoka benchi. Nilitaka kwanza kukungoja, tule Jumapili moja, wewe huko na mimi huku. Nikaona kukungoja ni kukutwika tena. Naenda mwenyewe. Kwa kasisi nitakwenda kesho kutwa nimwambie habari ya kile kipande nilichoiba, na kama ataniondoa kwenye vitambaa, ataniondoa. Huyu mpya ni mkali kuhusu mabaki. Sasa ninajua kwa nini, na simlaumu.

Mama Rosa ameshafika nyuma ya kichwa chako, nasikia anakuambia umebaki mstari mmoja. Nimalize.

Yule mpishi wa hotelini utakayesafiri naye atarudi baada ya likizo yake, na mkononi mwake ninahitaji vitu hivi, si zaidi. Kitambaa cheupe cha pamba, mita moja na nusu. Kisiwe nailoni, nailoni inateleza Mezani na ikimwagikiwa haifyonzi. Uzi mweupe, rili mbili. Zile paketi za chumvi ya mtoto anayehara, za kuchanganya na lita moja ya maji, ishirini kama zitapatikana, nizigawe mlangoni mwa kanisa kwa kila mama mwenye mtoto mgongoni, kabla hajaingia. Kile kitambaa kidogo nilichofungia barua hii, nadhani umeshakitambua. Nimekaa nacho miaka minne chini ya godoro na ni mali ya kanisa. Kiloweke maji baridi kwanza, usikitie dawa ya kung'arisha, doa likibaki libaki, kipige pasi, ukirudishe.

Na karatasi moja, iliyoandikwa kwa mkono wako. Iwe na maneno matatu tu: Mama, ulikuwa wewe. Uyaandike kwa kalamu, si penseli, na uyatazame baada ya kuyaandika. Vingine vyote vinaweza kungoja mpishi arudi hata Aprili. Karatasi hiyo naihitaji mapema, kwa mkono wa yeyote atakayetangulia, na chini yake usiongeze malesh.

Mama yako